Tupeane uzoefu: praktiko ya kemia ilikutoa jasho wapi?

Tonetone
Wakuu, mdogo wangu kaanza praktiko, juzi kaniuliza kwa nini majibu yake ya titresheni (kupima tindikali inayotosha kumaliza kiasi fulani cha besi) hayafanani. Nikacheka, maana yalinikuta. Niliosha bureti, ule mrija mrefu wenye namba na koki chini, kwa maji ya distili, nikakung'uta mara mbili, nikajaza tindikali papo hapo. Yale maji yaliyobaki ukutani yakaizimua. Mara ya kwanza nikapata sm³ 25.70, ya pili 25.30, ya tatu 25.10. Nikadhani mkono wangu unatulia kadiri ninavyozoea, kumbe bureti ilikuwa inajisuuza yenyewe kwa tindikali kila nikijaza upya! Tangu hapo nasuuza kwanza kwa kimiminika kitakachokaa humo. Nyie yaliwakuta yapi? Semeni, dogo atasoma.

Kigae Cheupe
Mimi nilijifanya mjanja. Nilisikia "suuza kwa kimiminika chenyewe", nikasuuza hata flaski, chupa ya kuwekea besi, kwa besi yenyewe. Ule utando wa besi uliobaki ndani haukupimwa na pipeti (mrija wa kuvutia kiasi kamili), kwa hiyo tindikali ikaenda nyingi kuliko inavyotakiwa. Flaski ni maji ya distili tu, na ikibaki na majimaji haina neno: kiasi cha besi kimeshapimwa, maji hayakiongezi wala kukipunguza.

Bi Mkubwa wa Maabara
Nimeandaa meza za praktiko miaka mingi. Nikipita nyuma ya wanafunzi natazama vitu viwili: faneli iliyosahauliwa juu ya bureti, ambayo hudondosha tone katikati ya kazi, na kiputo cha hewa chini ya koki. Kiputo kikitoka katikati ya titresheni, nafasi yake inajazwa na tindikali ambayo haikufika kwenye flaski, nawe umeshaihesabu. Fungua koki yote kwa ghafla kabla ya kusoma namba ya kwanza, kitatoka.
Halafu acheni kupuliza pipeti, wanangu. Tone linalobaki kwenye ncha lilishahesabiwa pipeti ilipotengenezwa. Gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, basi. Na kuvuta kwa mpira, si kwa mdomo.

Mzee wa Chumvi
Titresheni kwangu ilikuwa mteremko, mimi nililizwa na kutambua chumvi, yaani kujua ina metali gani. Nilipewa myeyusho usio na rangi, naambiwa niongeze sodiamu haidroksaidi. Nikamimina kama naongeza maji kwenye uji. Nikatazama: kweupe, hakuna kitu. Nikaandika "hakuna mashapo", yaani hakuna kigumu kilichojitenga. Jirani yangu, chumvi ileile, akaweka tone moja, akatikisa, akaweka jingine; kwake kukatokea mashapo meupe mazito, alipozidisha yakayeyuka yote. Ilikuwa zinki. Mashapo yangu yalikuja yakaondoka nikiwa bado namimina! Aluminiamu nayo hufanya vivyo hivyo; ukitaka kuzitenganisha tumia amonia, mashapo ya zinki yatayeyuka ukizidisha, ya aluminiamu yatabaki.

Njano Tupu
Mimi kila chumvi niliyoichoma ilitoa moto wa njano. Nikaandika sodiamu, sodiamu, sodiamu. Mwalimu akaniuliza ule waya wa kupelekea chumvi motoni nimeushika wapi. Nilikuwa naufuta kwa vidole, na jasho lina chumvi. Sodiamu kidogo tu inatosha kuifunika zambarau hafifu ya potasiamu. Chovya waya kwenye tindikali ya haidrokloriki kali, choma, rudia mpaka moto usibadilike rangi, ndipo uchukue chumvi. Mkiwa na kioo cha buluu cha kobalti, tazameni kupitia hicho, kinaimeza njano.

Kigae Cheupe
@Njano Tupu, umenikumbusha nilivyotia methili oranji, ile rangi ya kuonyesha mwisho wa titresheni, kama matone kumi ili "nione vizuri". Sikuona chochote zaidi ya chungwa zito tangu mwanzo. Mawili matatu yanatosha. Ukikaribia mwisho, acha nusu tone lining'inie kwenye ncha, liguse kwa ukuta wa flaski, lisukume ndani kwa maji ya distili. Njano ikigeuka chungwa, simama. Ikifika waridi umeshapitiliza.

Tonetone
Dogo kasoma yote, kanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Faneli inatakiwa itolewe?"