Waasisi wa afya ya jamii Zanzibar: niwasomeshe wanafunzi nani?

MwalimuWete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha historia skuli moja hapa Wete, Pemba. Nataka wanafunzi waandike kuhusu watu walioanzisha kazi ya afya ya jamii visiwani na kuwatetea wanyonge. Kila nikitafuta napata majina yale yale: Dk. John Kirk, balozi wa Uingereza, na mkataba wa 1873 wa kupinga biashara ya watumwa; Sultani Sayyid Barghash na maji ya mfereji; tajiri Tharia Topan na ile dispensari ya Mizingani. Hakuna wengine?

BwanaAfyaMstaafu
Waalaykum salaam mwalimu. Hao usiwatoe, ila waeleze sawasawa. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko yao. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, na watoto lazima walijue hilo. Barghash naye alitawala kuanzia 1870, mji ukiwa umeteketea kwa kipindupindu. Maji ya chemchemi aliyoyaleta mjini kutoka upande wa Bububu yaliokoa roho za watu.

Muongeze Dk. James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu Unguja wakati wa maradhi yale. Aliulizia wasafiri na wafanyabiashara, akaufuata ugonjwa kinyumenyume kwenye njia za misafara ya bara, akachapisha kitabu 1876.

Lakini ukiniuliza mimi, wasomeshe kazi ya Makunduchi, kusini Unguja, ya 1988. Matende na mabusha yalikuwa yamewatesa watu wa kusini miaka na miaka. Mtu mzima anajifungia ndani, harusini haendi, hata msikitini anaona haya. Tulikuwa tukipita usiku kutoa damu kidoleni, maana vijidudu vya maradhi yale mchana haviko kwenye damu ya juu, hutoka usiku. Karibu nusu ya waliopimwa walikuwa navyo.

Mbu anayevisambaza huzaliana kwenye maji machafu ya vyoo na makaro. Basi watu walipewa dawa ya kumeza, na vyoo vyenye maji vikamiminwa punje nyeupe za plastiki, nyepesi kama zile zinazojazwa kwenye maboksi ya vyombo. Zinaelea, zinafunika maji yote. Mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi vikipanda juu kutafuta pumzi vinakwama na kufa. Hakuna sumu, na tabaka lile linakaa miaka.

Kazi ilikuwa kwenye milango. Bibi mmoja alisimama kizingitini akaniambia, "Mwanangu, chooni kwangu haingii mwanamme." Ana haki yake, choo ni sitara ya mtu. Tukamuomba mjukuu wake wa kike aingie na ndoo, mimi nikabaki uani kumuelekeza. Baadaye bibi yule yule ndiye aliyewapigia hodi majirani kuwahimiza, kwa kuwa usiku sasa anakwenda chooni haumwi na mbu.

Ukimruka maskini kwa sababu njia ya kwake mbaya, karo lake litawaambukiza wote. Kwa hiyo tuliingia kila nyumba. Masheha, yaani viongozi wa mitaa, akina mama na vijana waliobeba zile ndoo ndio waasisi wangu mimi, na ndio wasioandikwa.

BintiChake
Mzee wangu, Mungu akulipe kheri. Mwalimu, na Pemba usiisahau, uko nayo hapo hapo! Maabara ya afya ya jamii ya Wawi ilifunguliwa 2000, imepewa jina la Ivo de Carneri, Muitaliano mtaalamu wa vimelea aliyefariki 1993 kabla ya kuiona. Sisi tulipokuwa skuli tulipangwa foleni na vikopo vya mkojo kupimwa kichocho, mwengine anatoa mkojo mwekundu na kwao wanaona ni kawaida ya watoto wa kiume. Wapeleke wanafunzi, Wawi si mbali.

Mzee, na malaria jee?

BwanaAfyaMstaafu
Malaria ina somo chungu, binti yangu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 nyumba zilipigwa DDT, dawa ya kuua mbu. Mama akitoa vyombo vyote uani, anafunika na unga, sisi watoto tunangoja nje mpaka ukuta ukauke. Malaria ikapungua sana. 1968 kazi ikasimamishwa, na maradhi yakarudi. Watoto waliokufa baada ya hapo hawakustahiki kufa. Ilibidi kusubiri dawa mseto 2003, kisha vyandarua na upigaji dawa wa majumbani, ndipo ikashuka tena.

MwalimuWete
Ahsanteni sana. Basi nitawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize mzee wake kama aliwahi kupigiwa dawa au kupimwa damu usiku.

BwanaAfyaMstaafu
Vizuri. Na waulize pia nani alikuja mlangoni, wamuandike kwa jina. Waulize na kampeni ya 2001, dawa za matende zilipogaiwa Unguja na Pemba nzima. Hiyo wazee wao wote wanaikumbuka, na wengi waliogawa dawa bado wapo hai.