Nimeuziwa leseni ya kudumu ya programu ya maeneokazi pepe, sasa naambiwa nilipe upya

Wakuu, salaam. Nina hasira, mtanisamehe kwa urefu wa uzi huu.

Kazi yangu ni kutafsiri mikataba. Kwenye kompyuta nimefungua maeneokazi pepe sita (virtual desktops, yaani skrini za kazi kadhaa unazobadilishana ndani ya kompyuta moja, kila moja na madirisha yake): la kwanza la barua pepe, la pili la kamusi, la tatu la hati ninayoishughulikia, na yaliyobaki ni ya wateja wengine pamoja na mahesabu. Windows inao mpango huu tangu toleo la 10 lilipotoka mwaka 2015, na katika Windows 11 kila eneokazi laweza hata kuwekewa picha yake ya mandhari. Shida ni mwendo wake. Ukibonyeza Windows, Ctrl na mshale unasogea eneokazi moja tu, hivyo kutoka la kwanza hadi la sita ni kubonyeza mara tano. Na ukitaka kuhamisha dirisha hupewi njia ya mkato ya kibodi, bali ufungue Windows na Tab, ulitafute dirisha lako, kisha uliburute kwa kipanya. Anayefanya hivyo mara mia kwa siku ataelewa kwa nini nilitoa dola 29 kununua programu ya nyongeza, ambayo kwa Ctrl, Alt na namba ilinirusha moja kwa moja nilikotaka. Tangazo lao lilisema leseni ni ya kudumu.

Miezi minane ilikwenda vizuri. Jumatano moja kompyuta ilijisasisha usiku hadi toleo jipya la Windows 11, liitwalo 24H2, na asubuhi nikaikuta alama ya programu ile, pembeni mwa saa, imegeuka kijivu. Sikuitilia maanani. Niliendelea kubonyeza Ctrl, Alt na 3 kama vidole vilivyozoea, nikashangaa kwamba sihami. Kumbe kwenye Word vitufe hivyohivyo ni amri ya kugeuza aya kuwa kichwa cha habari cha ngazi ya tatu. Programu ilipokuwa hai iliidaka amri hiyo kabla ya Word, na ilipokufa ikaiachia ipite. Mteja ndiye aliyeniandikia kuuliza kwa nini kifungu cha fidia na aya nyingine tatu za mkataba wake zimegeuka vichwa vya habari. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea, hakuna onyo lolote. Kijivu tu!

Nikawaandikia wauzaji. Baada ya siku tisa nikajibiwa kwamba toleo langu halikubaliani na Windows mpya, na kwamba kwa kuwa mimi ni mteja wa zamani naweza kununua toleo la pili kwa nusu bei. Nusu bei ya kitu nilichokwisha kukilipia!

Nilipochimba zaidi ndipo hasira ilipozidi. Mlango ambao Windows imeutangaza rasmi kwa watengenezaji wa programu una kazi tatu tu: kuuliza kama dirisha liko kwenye eneokazi la sasa, kuuliza liko kwenye eneokazi lipi, na kulihamisha, na hiyo ya kuhamisha inakubali madirisha ya programu yenyewe peke yake. Kuruka kutoka eneokazi moja hadi jingine, au kuhamisha dirisha la programu nyingine, hupitia mlango wa ndani usio na maelezo rasmi, ambao vitambulisho vyake vimebadilishwa mara kadhaa toleo jipya linapotoka. Kwa hiyo aliyeniuzia alijua tangu siku ya kwanza kwamba bidhaa yake ingekufa siku moja, na bado akaandika neno "kudumu".

Linganisheni na wanaogawa bure. VirtualDesktopAccessor, faili la msaada ambalo watumiaji wa AutoHotkey (programu ya bure ya kujitungia njia za mkato za kibodi) hulitegemea kwa kazi hiihii, inaeleza waziwazi faili ipi ni ya Windows ipi. Asiyekutoza hata senti anakuambia ukweli, na aliyechukua dola zako anakuficha.

Najua watakuja wa kunishauri nihamie Linux, ambako KDE, moja ya sura za eneokazi za mfumo huo, inakuwezesha kuchagua vitufe vya kila eneokazi kwenye mipangilio yake yenyewe. Nakubali, lakini programu ya tafsiri ambayo wateja wangu wanaidai inafanya kazi kwenye Windows peke yake.

Ninachotaka ni ama toleo linalofanya kazi bila malipo mapya, ama dola zangu 29. Nimewatumia barua ya tatu leo asubuhi nikiwa nimeambatisha picha ya ukurasa wao wa mauzo ulivyokuwa awali, kwa sababu neno "kudumu" wameshaliondoa. Je, kuna aliyewahi kurudishiwa fedha kwa leseni ya namna hii kupitia benki iliyotoa kadi yake, na alipewa muda gani wa kulalamika?