Kuona wimbi la stima kwa kompyuta

Wakuu, nataka kuona wimbi la stima, 240V 50Hz, kupitia tundu la laini-in (la kuingizia sauti) la kompyuta. Nianzie wapi?

— Kamwe usiunganishe soketi moja kwa moja, itakuua! Tumia transfoma ya 9V AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa soketi), si adapta ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Weka rezista ya kilo-omu 330 mfululizo kwenye waya wa sauti, kati ya transfoma na laini-in, na ya kilo-omu 10 kati ya waya wa sauti upande wa laini-in na ardhi ya tundu hilo. Kilele cha hiyo 9V, yaani 12.7V, kitashuka chini ya 0.4V. Vipuri vipo Luthuli Avenue, Nairobi.

— Ongeza daiodi mbili za 1N4148, zikipishana mwelekeo, sambamba na hiyo rezista ya kilo-omu 10. Zinakata volteji inayozidi takriban 0.6V, kulinda kompyuta.

— Epuka tundu la maiki: hukuza mno, vilele vinakuwa bapa. Ukijaribu kupima betri nayo haitaonekana, kapasita ya ndani ya kompyuta huzuia DC.