Tupeane uzoefu: waridi lenye harufu ulilijulia wapi, na unalitunzaje?

Mjukuu wa Tanga

Wanajukwaa, salaam.

Kwa bibi yangu palikuwa na mwaridi mmoja nyuma ya nyumba, kando ya karo. Maua yake hayakuwa makubwa, rangi ya pinki iliyofifia, yakifunguka asubuhi basi adhuhuri jua limeshayachosha. Lakini harufu! Bibi akiyachuma mapema, anayatandaza kwenye sinia, na chumba kizima kinabadilika. Siku ya maulidi ya nyumbani kazi yangu ilikuwa kupita na mrashi nikiwanyunyizia wageni marashi viganjani, na niliamini kabisa kwamba maji yale yanatoka kwenye mti wetu. Nilikuwa mtu mzima nilipojua yalikuwa ya chupa, ya dukani.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Nyumba imeuzwa na mwaridi uling'olewa pakajengwa ukuta. Sasa mwezi uliopita nilikuwa Dar kwenye harusi ya mdogo wangu, nikakabidhiwa shada la mawaridi mekundu, mazuri, shina limenyooka kama fimbo. Nikainamisha pua. Hakuna kitu. Nikajaribu la pili, la tatu, hakuna.

Naomba tupeane uzoefu. Aliyewahi kuwa na waridi linalonukia aseme lilikuwa wapi na lilifananaje. Anayelima atuambie analimaje. Na kama kuna anayejua harufu imekwenda wapi, anieleze, kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

Mwana Mvita

Umenirudisha kwa mama. Sisi Mombasa tulilijua waridi kwenye kikuba. Mama alikuwa akikaa barazani jioni na kitunga cha asumini, mrehani, vipande vya mkadi, na petali za waridi, anazifunga pamoja, ananyunyiza marashi kidogo, na kikuba kinakwenda kwa bibi harusi au kinapachikwa kwenye nguo Ijumaa usiku. Waridi lenyewe alinunua kwa mama mmoja wa mtaani aliyekuwa na miti mitatu. Aliuza petali kwa fungu, hakuuza ua zima. Nadhani hiyo ndiyo tofauti, ndugu yangu. Wazee wetu walipanda waridi kwa ajili ya pua. Umbo halikuwa na kazi, maana ua lilikuwa linakwenda kuchambuliwa tu.

Mvunaji Naivasha

Nimefanya kazi kwenye mashamba ya maua miaka kumi na moja, kwanza kuvuna, halafu kwenye chumba cha kupangia madaraja. Wacha niwaeleze maua hayo ya harusi yanatoka wapi.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, usiku baridi, na waridi linapenda hivyo. Kadiri unavyopanda juu, mwaridi hukua polepole na kichwa cha ua huwa kikubwa. Ndiyo maana wenzetu wa Timau, kule Mlima Kenya, hutoa vichwa vinene kutushinda. Mti wenyewe ni miti miwili: chini ni mzizi wa mwaridi mgumu, wengi hutumia aina iitwayo Natal Briar, na juu yake limeunganishwa jicho, yaani kichipukizi, la aina inayouzwa. Shina dhaifu hatulikati. Tunalikunja likalala upande, majani yake yaendelee kushika jua na kulisha yale yaliyosimama. Mgeni akiingia grinihausi hudhani mimea imeangushwa na upepo.

Tunavuna ua likiwa bado limefumba, asubuhi na tena mchana. Linaingia kwenye ndoo ya maji pale pale, halafu chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4. Mezani tunapima urefu wa shina: sentimita 40, 50, 60, 70. Bei inafuata urefu na ukubwa wa kichwa. Usiku huo huo lori linakwenda uwanja wa ndege Nairobi, na mengi huishia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi.

Sasa fikirieni safari hiyo. Lori, ndege, mnada, lori tena, duka, na baada ya hapo mteja anataka likae kwenye chombo wiki nzima au zaidi. Miaka yote hiyo nilipokuwa mezani, hakuna siku hata moja niliyoona mtu ananusa. Tulikagua shina, jani, doa, mdudu. Aina zenye harufu nilizowahi kushika zilichoka haraka na petali zake ni laini, zinachubuka kwa kidole.

Kazi kubwa kuliko zote ni Februari. Ili ua liwe tayari kwa tarehe 14 lazima ukate shina wiki kadhaa kabla, na baada ya hapo unaomba mawingu yasikae. Baridi ikizidi siku chache tu, ua linachelewa, na ukifika tarehe 15 hakuna anayelitaka. Nilikuwa nikirudi nyumbani usiku na mikono imechanika, na bado nikiliona ua limenyooka vizuri moyo wangu unafurahi. Nayapenda hayo mekundu yasiyonukia. Yamesomesha wanangu wawili.

Mjukuu wa Tanga

Kaka Mvunaji, asante sana. Nilikuwa nimeyalaumu maua kabla sijajua mikono iliyoyapitia.

Bustani Lushoto

Wanangu, mimi niko milimani. Nina miwaridi ishirini na saba mbele ya nyumba, niliyoianza baada ya kustaafu ualimu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji. Nilimwagilia jioni, juu ya majani, nikidhani naupoza mti baada ya jua. Kufikia masika majani yote yana madoa meusi yenye ukingo wa njano, yanapukutika, mti umebaki fito. Ule ni ukungu, na unataka jani lililolala na maji. Sasa namwagilia asubuhi, shinani, nafagia majani yaliyoanguka nayachoma. Kwenye mboji siyatii.

Kosa la pili liliniumiza zaidi. Nilikuwa na mwaridi mwekundu nilioupenda kuliko wote. Mwaka mmoja ukaanza kutoa vimaua vyeupe vidogo vidogo vya vishada. Mwaka uliofuata nyekundu haikuonekana kabisa. Jirani akaniambia nimefanyiwa jambo, niite mtu aje aangalie. Nilisikitika hata nikaacha kuupita. Kijana wa ugani ndiye aliyenionyesha: alifukua udongo pale shinani, nikaona machipukizi yote yanatoka chini ya kile kifundo cha kuunganishia. Mzizi ulikuwa umechipua wenyewe na kumnyonga yule mwekundu wa juu. Hivyo mkiona chipukizi linatoka chini ya kifundo, fukueni mling'oe kwa mkono mpaka lilipoanzia. Mkilikata juu juu litarudi na wenzake.

Kupogoa msiogope. Mimi hukata mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, nabakiza matawi manne au matano yenye nguvu, nakata juu kidogo ya jicho linaloangalia nje ili katikati pabaki wazi, upepo upite. Na samadi iwe imeoza kweli. Mbichi inaunguza mizizi.

Kuhusu harufu: ninao mmoja tu unaonukia, wa pinki, niliopewa na masista wa misheni. Hauna kifundo. Ni wa pingili, yaani kipande cha tawi kilichochomekwa udongoni, umesimama juu ya mizizi yake mwenyewe.

Mzanzibari Maskati

Asalaam alaykum. Mimi nimezaliwa Unguja, niko Oman mwaka wa thelathini sasa. Mjukuu wa Tanga, marashi ya bibi yako yaliyokuwa kwenye chupa huenda yalitoka huku huku.

Kuna mlima unaitwa Jebel Akhdar, mlima wa kijani. Tambarare yake ya Saiq iko karibu mita 2,000 juu, na mwezi Aprili, wakati Maskati tumeanza kuungua, kule asubuhi unavaa koti. Vijiji kama Al Ayn na Al Aqr vimekaa ukingoni mwa bonde, chini yake matuta ya mawe yameshuka kama ngazi, maji yanakuja kwa falaji, mifereji ya kienyeji ya kumwagilia, na kwenye matuta hayo kumejaa waridi la pinki la damaski. Linachanua msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu mwishoni mwa Machi mpaka kuingia Mei. Linachumwa alfajiri, kwa sababu jua likishika harufu inaondoka.

Mzee mmoja aliniruhusu kukaa kwenye chumba chake cha kukenekea. Ni chumba kidogo, kuta nyeusi kwa moshi, na jiko la udongo lenye matundu. Katika kila tundu chungu. Petali zinaingia kwenye chungu, juu yake ndani kinawekwa chombo kidogo cha shaba, na mdomo unafunikwa kwa sufuria ya shaba yenye maji baridi. Mvuke wa petali unapanda, unagonga kitako baridi cha ile sufuria, unageuka matone na kudondokea chombo cha ndani. Yule mzee kazi yake ilikuwa kubadilisha maji ya juu kila yakipata moto na kuongeza petali mpya. Alikuwa hazungumzi. Mwisho akanitilia kidogo kiganjani: si meupe kama ya kiwandani, yana rangi ya kahawia nyepesi, na ndani ya waridi kuna moshi. Nikakumbuka halua ya kwetu, nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Siku hizi wengi wanatumia mitungi ya chuma na gesi, maji yanatoka safi. Mimi nanunua ya moshi.

Msomi wa Mimea

Niongeze lililo upande wangu, kwa kuwa swali la harufu limeulizwa moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha waridi linalonukia na lisilonukia wakakuta kimeng'enya kimoja (kichocheo cha kazi za kikemia ndani ya mmea), RhNUDX1, ambacho kwenye maua yanayonukia kinafanya kazi kwa nguvu na kwenye mengine kimelala. Kimeng'enya hicho kinashiriki kutengeneza jeranioli, moja ya viini vikubwa vya harufu ya waridi. Kwa hiyo lile shada la Dar halikupoteza harufu njiani, Mjukuu. Halikuwa nayo tangu likiwa jicho.

Mwana Mvita

Na neno lenyewe marashi linatokana na kunyunyiza, kwa Kiarabu. Mrashi, marashi, mzizi mmoja. Jina tulilipa kwa kitendo cha kumpokea mgeni.

Mjukuu wa Tanga

Nimerudi baada ya wiki saba, nisamehe kwa ukimya.

Niliposoma neno la Mama wa Lushoto kuhusu pingili nilimpigia shangazi yangu Pangani, nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuchukua tawi kwa bibi. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Si huu hapa uani kwangu." Alichukua alipoolewa. Nimekwenda mwenyewe. Nimekata pingili tano za unene wa penseli, macho mawili chini ya udongo, mawili juu, nusu mchanga nusu udongo, nimefunika kwa nailoni, kivulini. Tatu zimekauka. Mbili zimetoa majani, na moja tayari ina tumba.

Mama, shikamoo. Nilikate au niliache?

Bustani Lushoto

Marahaba mwanangu. Likate. Najua inauma, lakini mti huo bado haujawa na mizizi ya kulisha ua. Uache utoe majani kwanza. Na wewe uko pwani: utafutie mahali penye jua la asubuhi, mchana ukuta uukinge, na upepo wa chumvi usiufikie.

Mjukuu wa Tanga

Nimelikata leo baada ya sala ya alfajiri, nimeliweka kwenye kisahani cha maji. Limefumba bado, ila ukilisogeza puani unalisikia kwa mbali. Ile pingili ya pili nitampelekea mama. Mvua za vuli zikiisha nitawaambia zimefikia wapi.