Mutoto anajificha tukianza kupiga ngoma, nifanye namna gani?

Mwalimu_Ndosho
Jambo kwenu bote. Niko nafundisha batoto muziki kila siku ya posho (samedi) mu chumba moja hapa Ndosho, Goma, ba miaka 7 mpaka 12, tuko na gitare, ngoma na piano ya kadogo ya kura (ya umeme). Kuko mutoto moja anaimba muzuri sana, sauti safi, lakini tukigusa tu ile ngoma kubwa anaziba masikio na anaenda kujificha nyuma ya benchi. Benzake banacheka. Mama yake aliniambia tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025 iko vile, ata mulango ikijipiga. Bazazi bengine banasema nimukaze atazoea. Mie sitaki kumukaza, lakini pia siwezi kutosha ngoma juu benzake banaipenda sana. Benye munafundisha batoto, munafanyaka je ili mutoto ajisikie yuko salama na masomo iendelee?

Yaya_Gitare
Mwalimu usimukaze hata kidogo. Benzake bakisha kutoka, mubakize na mama yake, mulango wazi, ngoma iko chini, aiguse na vidole tu ajue ile sauti inatoka wapi. Mwenye kupiga hashitukake sawa mwenye kupigiwa. Kisha umupatie kazi: yeye ndiye anainua mukono ngoma inaanza, akishusha inasimama, ile mamlaka inamusaidia sana. Ku korali yetu Katindo tulikuwa na binti vilevile, tulifunika ngozi ya ngoma na kitenge ya kukunja, sauti inakuwa nzito lakini haikate roho, siku moja yeye mwenyewe akaitosha ile kitenge na hakuna mtu alimuomba. Na kila mara tunahesabu moja, mbili, tatu, ine mbele ya kupiga, pigo ya gafula hakuna kwetu.
Juu ya kucheka, hapo ndiyo uwe mukali. Siku ya kwanza unasema: sauti ya mtu ikikatika tunangojea, anaanza tena. Na mwenye alicheka usimupatishe haya mbele ya bengine, umuite pembeni.

Mama_wa_Himbi
Mwalimu pole na kazi. Mimi ninafanya kazi na watoto waliopita kambini na nataka kuongeza kitu. Huyo mtoto hana kichwa ngumu wala hafanyi makusudi, mwili wake umejifunza kwamba kishindo ni hatari, unakimbia kabla akili haijafikiri. Angalia pia besi ya spika, inatikisa sakafu, na watoto wa hapa wanakumbuka matetemeko yaliyokuja baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mei 2021, hiyo mtikisiko peke yake inatosha kuwarudisha kule. Anza masomo kwa namna moja kila wiki, wimbo uleule wa salamu, wajue kitakachofuata. Waimbe sauti ndefu, aaa, ooo, hewa inatoka polepole na moyo unapunguza mbio. Usiwalazimishe kufunga macho. Usimuulize mbele ya wenzake "uliona nini". Siku akitaka kusema atasema, wewe umsikilize tu bila kumkatisha, na usimwahidi siri, maana ikiwa kuna mtu anamuumiza itabidi utafute msaada.

Papa_Solfeji
Mimi sikubaliane na yote. Sisi tulijifunza solfeji na fimbo na leo tunasoma noti bila shida. Mukibembeleza sana hata gama ya do (do, re, mi, fa...) hawataijua.

Mwalimu_Ndosho
Papa, na heshima yote, fimbo hapana. Sheria ya Kongo 09/001 ya tarehe 10 januari 2009 inalinda mutoto na jeuri ya kila namna, na hata bila sheria, mutoto mwenye kuogopa anakaza mabega na koo inafunga, sauti haitoke. Gama tutaisoma, akikosea tunarudilia, kazi ni ileile.
Yaya, ile ya kuinua mukono nitaijaribu posho hii. Mama, spika sasa naisogeza mbali na batoto. Swali ingine: nataka kila mutoto alete wimbo ya ku nyumba, ni muzuri ama italeta matata?

Yaya_Gitare
Ni muzuri lakini uangalie. Usiulize kabila ya mtu. Uliza tu "ku nyumba munaimbaka nini mutoto akilala?" Atakuja mwenye Kinande, mwenye Kihunde, Kinyarwanda, Mashi, bote munajifunza ule mustari moja wa kurudilia. Mutu akianza kuchekelea luga ya mwenzake simamisha wimbo palepale. Na mwenye hana wimbo ama hataki, apige makofi na bengine, usimuulize juu ya nini, kuko batoto mwenye kubaimbia hayuko tena.

Mama_wa_Himbi
Hapo Yaya amesema. Na huyo wa nyuma ya benchi, mwache benchi yake iwe karibu na mlango kwa sasa.