Mito ya sofa kwa kanga kuukuu na mapazia ya mtumba: kitambaa kinachanika, pembe hazijai

MitoYaIlala

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wanaoshona foronya za mito ya sofa kwa vitambaa vya zamani. Natumia kanga kuukuu na mapazia ya mtumba ya soko la Karume. Kipimo ni inchi 18 kwa 18, nyuma poplini nyeupe, ndani sponji iliyokatwakatwa.

Kanga inachanika pembeni mwa mshono baada ya wiki chache tu za kuegemewa, na mshono wenyewe hauachii. Pembe zinasimama kama masikio, hazijai. Kanga moja nyekundu imechuja kwenye poplini ilipofuliwa, ingawa kabla ya kushonwa ililowekwa kwenye maji ya chumvi. Halafu mahameli ya pazia inateleza: unaanza pande mbili zikiwa sawa, ukifika mwisho ya juu imezidi karibu inchi nzima. Sindano ni namba 16 kwa kila kitu. Wenzangu mnafanyaje?

Bi_Doti

Dada/kaka, hapo kwenye kuchanika ndipo penye shina la mambo yote. Kanga iliyofuliwa miaka kumi haina tena nguvu ya kubeba mto. Ifanye kuwa sura ya mto tu, nguvu itoke kwenye bitana. Nunua marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), ifue kwanza kwa maji ya moto kwa sababu hunywea, ipige pasi. Itandaze, weka kanga juu yake, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuzunguka kingo zote, kisha zikate na kuzishona pamoja kama kitambaa kimoja. Kanga iliyochakaa sana ipitishie mishono ya mistari kila inchi 2 juu ya marekani, itakaa.

Sindano namba 16 ni ya jinzi. Kwenye pamba nyembamba inatoboa matundu makubwa, na nyuzi zilizozeeka hukatika badala ya kusogea kuipisha sindano. Ukishona kwa hatua fupi, unaacha mstari wa matundu kama ukingo wa stempu, na hapo ndipo panapochanika. Kanga peke yake namba 11, kanga na marekani namba 14, hatua ya mshono milimita 2.5 hadi 3. Acha nusu inchi ya kushonea. Robo inchi haitoshi kwa kitambaa kilichozeeka.

Kabla ya kukata, inua kanga mbele ya dirisha uitazame dhidi ya mwanga. Pembe zilizokuwa zikifungwa fundo na sehemu iliyokuwa ikikaliwa utaona zimekonda, nyuzi zimeachana. Mji wa katikati mara nyingi ni mzima hata pindo likiwa limekwisha. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, hivyo bado unapata sura mbili hadi nne za inchi 18, kutegemea mchoro ulivyopangwa.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawaliangalii: mchoro wa kanga mara nyingi umechapwa upande kidogo, haufuati nyuzi. Ukichana kwa mkono ili upate unyoofu, mchoro unakaa mshazari na mto unaonekana umepinda. Mimi nasema fuata mchoro, na marekani ndiyo ikatwe kwa kufuata nyuzi zake. Yenyewe itazuia kanga isivutike.

Kuhusu rangi: chumvi husaidia wakati wa kutia rangi kwenye pamba, lakini haishikizi rangi ambayo tayari iko kwenye kitambaa. Sugua kanga kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikipata rangi, ifue peke yake maji ya baridi, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe. Ikifika mara ya sita bado yanatoka mekundu, usiishone na cheupe kabisa. Foronya iliyokwisha kuchujiwa irudishe majini, maji mengi ya baridi na sabuni, isikauke na usiipige pasi kabla doa halijatoka, kwa sababu joto linaligandisha.

FundiZipu

Naongezea pembe. Mraba ukishonwa mraba kamili, utatoka na masikio, kwa sababu mto ukijaa katikati huvuta kingo ndani na pembe zinabaki tupu. Dawa yake ni kuzipunguza kwenye chati (karatasi ya kukatia). Kutoka kila pembe pima robo ya upande, yaani inchi 4 na nusu, weka alama. Kwenye pembe yenyewe ingia ndani nusu inchi. Chora mstari wa taratibu kutoka alama hadi hapo, kata. Kikiwa mezani kitambaa kitaonekana kimeharibika, lakini kikijazwa kinakaa mraba safi.

La pili, foronya iwe ndogo kuliko mto wa ndani. Mto wa ndani ukiwa inchi 18, kata foronya inchi 18, na ukishashona kwa nusu inchi unabaki na 17. Ndio ule ujazo unaouona kwenye mito ya madukani.

Hiyo sponji iliyokatwakatwa achana nayo. Mabaki ya mafundi sofa wa Keko ni rahisi kupatikana, lakini mto unakuwa na mavimbe, na baada ya muda sponji inageuka njano na kumomonyoka unga. Tumia faiba (nyuzi laini za poliesta), nusu kilo hadi gramu 600 kwa inchi 18, uichambue kwa vidole kabla ya kuijaza, na uanze na pembe. Sufi ni nzuri na nyepesi, lakini haitaki maji, hujikusanya, na hupenya kwenye kitambaa chenye mfumo wa wazi. Ukiitumia, shona mfuko wa ndani wa kitambaa kilichobana, na uutoe kila foronya inapofuliwa.

Zipu ya kupima kwa mita ya Kariakoo inatosha. Ishone kwanza, upande wa chini, kabla ya pande tatu nyingine, na uiache wazi nusu kabla ya kufunga mshono wa mwisho. Ukisahau hutaweza kugeuza foronya. Usiyetaka zipu, kata nyuma vipande viwili vya sentimita 45 kwa 31, kunja pindo la sentimita 1 kisha 2, vipandishe. Vitapishana sentimita 11. Chini ya 10 mdomo unafunguka mtu akiegemea.

Mapazia_na_Mahameli

Mahameli inateleza kwa sababu vimalaika (vinyweleo vya kitambaa) vya pande mbili vinasukumana. Piga bandi mistari miwili ya mkono, mmoja kila upande wa njia ya sindano, legeza mgandamizo wa mguu wa cherehani, hatua milimita 3, na shona kufuata vimalaika vinakolalia. Pini peke yake hazisaidii. Pasi ipite upande wa nyuma tu, chini umeweka taulo.

Kwenye mapazia ya mtumba, adui ni jua. Vuta kitambaa kwa mikono miwili pale palipokuwa na mikunjo, kwa urefu kisha kwa upana. Ukisikia kikilia kama karatasi, kiache hata kama mchoro unakuvutia namna gani. Madoa meusi ya ukungu nayo mara nyingi hayatoki, na jiki itamaliza kitambaa kabla ya doa.

Chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanya hivyo hata kwa kanga: zile za zamani za Urafiki ya Ubungo ni pamba, ila siku hizi sokoni kuna zenye poliesta, na hizo pasi ya moto sana inaziyeyusha.

Kuna watakaokushauri gamu ya kubandika kwa pasi badala ya bitana. Kwa kanga mimi siipendi. Isipogandamizwa sekunde 10 hadi 12 kila mahali bila kuburuza pasi, inafanya malengelenge ikifuliwa. Marekani haina shida hiyo.

MitoYaIlala

Asanteni sana, nimeelewa. Swali la mwisho: nataka jina la kanga lisomeke, lakini ni refu kuliko inchi 18.

Bi_Doti

Basi usilikate jina, badili umbo la mto. Pima sanduku la maandishi, ongeza inchi 2 kila upande ndipo uongeze ya kushonea. Utapata mto mrefu wa kiunoni, kwa mfano inchi 12 kwa 26. Herufi za kwanza na za mwisho zikikaa karibu na mshono huzama kwenye mviringo wa mto na hazisomeki ukikaa mbele ya sofa, ndiyo maana ya hizo inchi 2. Na zipu iwe upande mrefu wa chini, siyo ubavuni, la sivyo mto wa ndani hautaingia bila kuvuta maandishi.