Kitabu cha kupaka rangi cha watu wazima: nimekosea wapi?

NesiWaZamu
Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni nesi, niko Mwanza, zamu zangu nyingi za usiku. Nikirudi asubuhi mwili umechoka ila kichwa bado kiko wodini. Mwenzangu akanishauri nipake rangi badala ya kushika simu. Nilimcheka, nikamwambia chekechea nilimaliza zamani. Sasa nimenogewa.

Shida ni kitabu nilichonunua. Maua yake madogo kama punje za ulezi, na picha zimechapwa pande zote mbili. Nikachukua maka peni, zile tunazoandikia makopo ya sampuli (msiulize zimefikaje nyumbani). Namaliza kasuku wangu, nageuza ukurasa, namkuta kalala juu ya samaki niliyekuwa namsubiri kwa hamu! Hata ukurasa wa tatu umepata madoa. Penseli za mwanangu nazo hazikolei, nakandamiza mpaka karatasi inang'aa. Nina elfu thelathini, kitabu na rangi humo humo. Ninunue nini?

MwalimuTanga
Pole dada. Maka hizo ni za spiriti, zinapenya hata karatasi nene. Ukizipenda, tafuta kitabu kilichochapwa upande mmoja na uweke kipande cha manila chini ya ukurasa.

Dukani usiangalie jalada. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Ukiiona picha ya nyuma waziwazi, rudisha. Karatasi ya kudurufu ya kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha penseli tu. Kwa maka za maji mimi sishuki chini ya 120. Na kwa macho yaliyokesha, achana na maua ya ulezi, chukua michoro yenye nafasi kubwa.

Penseli nazo usidanganywe na boksi la rangi 72 la bei ya kutupa. Bora 24 zinazokolea. Za nta ni laini, zinachanganyika vizuri, ila baada ya siku kadhaa hutoa ukungu mweupe, unaufuta taratibu kwa kitambaa laini. Za mafuta, kama zile za chapa ya Polychromos, ncha yake hudumu, lakini bajeti yako haitoki salama hapo.

Halafu mkono. Anza mwepesi, tabaka tatu au nne, kukandamiza ni mwisho kabisa. Karatasi ikishang'aa ujue vinyweleo vyake vimelala, haipokei rangi tena.

BintiKisauni
Mwalimu kamaliza, mie naongeza la Mombasa. Penseli ikianguka sakafuni kiini hukatika ndani kwa ndani. Utachonga, itakatika, utachonga tena, mpaka ibaki kishungi. Iweke juani kidogo, nta ilainike ishikane, kisha iache ipoe kabla ya kuchonga. Na kalamu za jeli ni tamu kwa vitone vidogo, ila zinachelewa kukauka. Mie natumia mkono wa kushoto, nimeshajipaka mpaka kiwikoni.

Mzee_wa_Kanga
Kitabu cha nini wakati kabati la mama limejaa kanga? Piga picha kanga moja, fuatisha pindo na mji kwa kalamu nyeusi, toa nakala kumi. Karatasi unachagua mwenyewe. Mwambie kijana wa steshenari atumie mashine ya leza, maana wino wa injeti hutawanyika ukiguswa na maka ya maji.

NesiWaZamu
Nimerudi. Mzee wangu, nimekusikiliza. Kanga ya mama ya korosho, ile aliyonibebea mtoto, nimeifuatisha jioni mbili. Steshenari walikuwa na gramu 160, nikatoa nakala sita. Kijana akaniuliza ni mradi wa shule wa nani, nikamwambia wangu. Penseli nimechukua za nta 24, na chenji ya nauli imebaki.

Mwalimu, hilo la mkono mwepesi ni kweli. Korosho moja nimeipitia mara nne, njano, chungwa, kahawia kidogo pembeni, imevimba kama ya kuchumwa! Pindo nimekwama. Nyekundu imekatika mara tatu kwenye kichongeo, nadhani mwanangu aliiangusha akanyamaza. Iko dirishani juani sasa hivi. Nalala, nikiamka nitaijaribu.